Doa Lililonifuata Hadi Darini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla shemeji yangu hajapata kazi kwingine, maana nimesikia dobi wa mtaa wa pili ameshamtumia salamu mara mbili, na salamu za yule bwana nazijua zinaelekea wapi.

Mimi ni dobi, nina miaka sitini na sita, wateja huniita Mzee Nyoosha kwa sababu nikikurudishia suruali yako ule mstari wa mbele unaweza kukatia mkate, na kusema kweli mimi si mtu wa manung'uniko, watoto wamekua wana kwao, mke wangu yuko hai na ana maneno, duka letu lina chumba cha mbele cha kupokelea nguo, ua wa nyuma wa kufulia na stoo moja yenye giza ya kukunjia mashuka, na asubuhi pasi inapoanza kutoa mvuke na redio inaongea pembeni mimi huwa najiona tajiri, kwa hiyo usidhani anayekuandikia ni mtu mwenye huzuni, ni mtu mwenye aibu tu.

Pale dukani mke wangu hukaa mbele, mimi napiga pasi, na uani yuko shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye tumefanya naye kazi miaka kumi na tisa na sijawahi kuona mtu anayejua nguo nyeupe kama yeye, ana mabeseni yake matatu ambayo hakuna ruhusa ya kuyagusa, ana ndala zake za uani ambazo hazivuki kizingiti kuingia ndani, na akikuta tone la chai kwenye shati la mtu huliongelesha kama mtoto mkorofi mpaka litoke.

Sasa Jumanne iliyopita nilikuwa napiga pasi makoti meupe ya hospitali iliyo upande wa juu wa barabara yetu, makoti kumi na mawili, yana maandishi ya uzi wa buluu mfukoni ambayo sijawahi kuyasoma maana mimi macho yangu huwa kwenye kola, basi nikaona kinyuzi cheusi kimejikunja karibu na kifungo cha pili, nikakipangusa hakitoki, nikakikwangua kwa ukucha hakitoki, nikavua miwani yangu, ambayo ni mizito na nimeivaa tangu ujana maana bila hiyo mtu wa ng'ambo ya barabara namwona kama ukungu, nikaifuta, nikairudisha, kinyuzi bado kipo, nikachukua koti la pili nalo lina kinyuzi, la tatu nalo lina kinyuzi na vidoa viwili kwa nyongeza, nikayabeba yote kumi na mawili nikayapeleka uani.

Shemeji akayainua juani moja moja. Akaniambia, "Shem, haya makoti yako safi."

Nikamwambia, "Safi wapi? Tazama hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo kifuani."

Akaangalia, akaniangalia na mimi, akayafua upya bila neno, Jumatano nikayapiga pasi nikaona yale yale, nikayarudisha, akayafua tena na safari hii alikuwa anasugua huku anaongea peke yake, Alhamisi yakaja mara ya tatu, na mimi nikiwa nimeshachelewesha kazi ya watu, nikayatupa juu ya kaunta mbele ya wateja wawili waliokuja kuchukua nguo zao, nikasema kwa sauti, "Shemeji, siku hizi unafua kwa mdomo."

Mshauri, shemeji akavua aproni yake, akaikunja vizuri kwa sababu hawezi kuacha kitu ovyo hata akiwa na hasira, akaiweka juu ya yale makoti na kusema, "Basi tafuta wa kufua kwa mikono," akaondoka na viatu vyake vya njiani, na tangu siku hiyo mke wangu ananiwekea chai mezani kama mteja, anauliza, "Kuna kingine?" halafu anaondoka.

Ijumaa mchana nikajilaza kwenye benchi la dukani nipumzishe mgongo, nikatazama dari, ambayo tuliipaka chokaa nyeupe majuzi tu, na nani nimkute pale juu kama si kile kinyuzi changu, kimejikunja vile vile, nikajiuliza shemeji aliifua dari lini, nikageuza macho kwenda ukutani nacho kikaelea kikanifuata, nikarudi darini kikarudi, nikafumba jicho la kulia nikachukua koti moja, likawa jeupe pe, nikafumba la kushoto nikafungua la kulia, vidoa hivyo vinaogelea, na hapo nikaelewa kwamba nimemfukuza mtu kwa uchafu uliokuwa kwenye jicho langu mwenyewe.

Sasa shida yangu ndiyo hii, namtaka shemeji arudi, namtaka sana, uani pamekuwa kimya na mke wangu akifua yeye mashati yanatoka na rangi ya maji ya mchele, lakini nikimwambia shemeji ukweli atamwambia dada yake, na dada yake akisikia neno jicho atanifungia pasi kabatini na kunikalisha kibarazani nisalimie wapita njia, na mimi mshauri naogopa, nasema wazi kwamba naogopa, kwa sababu kazi nyingine siijui, na dobi asiyeona doa ni dobi wa kitu gani? Nilifikiria niseme sabuni ilikuwa mbovu, au niseme maji ya bomba siku ile yalikuwa na kutu, au nimtume mke wangu akambembeleze kwa niaba yangu bila kueleza kitu, je, ipi kati ya hizo itakaa vizuri zaidi?

Kuhusu jicho lenyewe usijali, haliumi hata kidogo, ila tu jana Jumamosi nikiwa stoo nakunja mashuka niliona mwanga unapiga pembeni, chwa, chwa, kama mtu anayechezea swichi, nikamgombeza mke wangu aache kuchezea taa, akanijibu yuko kaunta na taa haijaguswa, na tangu hapo vile vidoa vimeongezeka, ni kama mtu amenyunyiza pilipili manga hewani, lakini kama nilivyosema haliumi, kwa hiyo hilo si la kukupotezea wakati, nisaidie tu kuhusu shemeji.

Ni mimi, Mzee Nyoosha. Samahani kwa karatasi, ni migongo ya stakabadhi za duka, lakini ni safi. Nitaidondosha barua kwenye sanduku lenu kesho asubuhi nikipeleka mashuka.

*

Mzee wangu Nyoosha, stakabadhi zako zilikuwa tisa. Nane umeandika habari za shemeji, na ya tisa, chini kabisa, ukaficha jicho lako kama mtu anayesukuma taka chini ya zulia wageni wakigonga hodi. Umenipa shida ndogo isomwe na nchi nzima, na ile kubwa ukaniambia isinipotezee wakati. Una bahati mimi husoma barua zenu hadi nukta ya mwisho.

Wasomaji wangu wanajua kwamba ninajibu Jumamosi, na wengine wamengoja zamu yao wiki sita. Hii sikuiweka foleni. Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi, chai yangu ikiwa bado nzima kikombeni, nilipiga namba iliyochapishwa juu ya stakabadhi yako. Miaka yote ya safu hii sijawahi kumpigia simu mtu aliyeniandikia kwa siri, na sikuombi radhi.

Simu ikapokelewa na mwanamke. Nikauliza kama nimefika kwa dobi. Akanijibu, "Umefika, lakini mimi sifanyi kazi hapa. Nimekuja kuchukua ndala zangu tu, simu ikalia nikaishika kwa mazoea. Dada yangu ana wateja."

Nilijua mara moja naongea na nani. Siri yako sikuitoa, mzee, hilo nalitaka lieleweke. Nilisema tu namtaka mwenye pasi. Ukaja, ukanisalimia kwa sauti ya chini kama mwizi, na nilipokuuliza kama pilipili manga bado zinaelea ukasema, "Zipo, lakini nina makoti ya watu, labda mwisho wa wiki." Mwisho wa wiki! Nikakuuliza kama umeona kivuli chochote, kama pazia linaloshuka au kusogea kutoka upande mmoja. Ukasema hapana. Nikashusha pumzi. Nikakwambia uweke pasi chini, umgeukie mtu aliye karibu nawe, na umwambie mwenyewe kwa kinywa chako, la sivyo nitaongea kwa sauti ambayo hata wateja wa kaunta wataisikia bila kushika simu.

Niliyasikia yote, maana hukukata simu. Ulisema, "Shemeji, yale madoa yamo jichoni mwangu. Kwenye makoti hayakuwepo."

Nikasikia maji ya bomba yakidondoka kwenye beseni.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne ile."

"Na ukaniacha niondoke?"

Nilitegemea matusi, maana ningekuwa mimi ningeyatoa. Yeye akasema, "Vaa viatu," kisha akaichukua simu na kuniuliza waende wapi. Nikamwambia hospitali yoyote yenye daktari wa macho, leo hii, sasa hivi. Akacheka kicheko kikavu kidogo. "Mama, sisi tunafua makoti yao. Mfukoni yameandikwa Kliniki ya Macho."

Mzee Nyoosha! Umewafulia madaktari wa macho makoti yao mara tatu kwa ajili ya doa lililo jichoni mwako, ukayakwangua kwa ukucha, ukayapiga pasi kola na mikono, na hukusoma mfukoni. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mpiga chapa akaja kuchungulia. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu tangu uone ule mwanga stoo ulikuwa umeshakaa siku mbili.

Nakueleza sasa kilichokupata, na wenzako wa rika letu wanaosoma hapa wasikilize. Ndani ya jicho kuna ute mzito kama ule mweupe wa yai bichi. Ukiwa kijana umejaa vizuri na umetulia. Umri ukisogea unaanza kulainika na kusinyaa, vipande vyake vinatupa vivuli, na ndivyo hivyo vinyuzi, vidoa na utando mnavyoviona mkitazama ukuta mweupe au anga. Wengi wetu tunavyo na havina neno. Mimi mwenyewe nina kimoja jicho la kulia tangu nilipotimiza sitini. Nilikwenda kikaangaliwa siku ile ile, nikaambiwa hakina madhara, na sasa tunasoma barua zenu pamoja.

Lakini vikija kwa ghafla, vikawa vingi, na mwanga ukaanza kupiga pembeni, hiyo ni habari nyingine kabisa. Huenda ute ule unapojibandua umevuta ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea picha, madaktari huiita retina, na kuichana. Ikichanika, majimaji hupenya nyuma yake na kuibandua, na hapo ndipo pazia jeusi huanza kuingia kutoka upande mmoja. Ikifika huko kuna wanaopona na kuna wanaobaki na jicho la pambo lisiloona. Mwenye miwani mizito ya kuonea mbali kama wewe yuko hatarini zaidi, vivyo hivyo aliyewahi kupasuliwa mtoto wa jicho au kupigwa jicho. Na unaweza kuona kwa macho yako mwenyewe kama ni doa la nje au la ndani: tazama koti, kisha tazama ukuta. Likikufuata, ni lako.

Na hilo neno "haliumi" uliloliandika mara mbili kama cheti cha afya, lifute. Retina haina maumivu. Ingekuwa inauma ungefika kliniki Jumamosi ile ile unalia, na sisi wawili tusingefahamiana. Na wewe mama uliyeniandikia mwaka jana kwamba unadondoshea asali, na wewe bwana unayetumia dawa ya macho iliyobaki kwa mjukuu wako, acheni. Hakuna tone la dukani linaloshona kilichochanika humo ndani.

Umeniuliza ipi kati ya sabuni, kutu na kumtuma mkeo itakaa vizuri zaidi. Hakuna. Sabuni mbovu ni kumtukana shemeji mara ya pili, maana sabuni anaichagua yeye. Kutu ya bomba angeigundua kabla hujamaliza sentensi. Na kumtuma mke wako kuomba radhi ya mdomo wako ni uvivu. Ukweli uliousema mbele ya beseni, kwa maneno yasiyozidi kumi na mawili, umefanya kazi ambayo uongo wako wote watatu usingeifanya. Kuhusu hofu yako ya kufungiwa pasi kabatini, naielewa, na sikucheki. Mtu aliyesimama nyuma ya pasi maisha yake yote akiambiwa akae, anasikia kama ameambiwa afe. Ila fikiria ulichokuwa unakilinda kwa kunyamaza: ulikuwa unalinda pasi kwa kuliacha jicho liende. Dobi asiyeona doa kwa wiki moja ni mgonjwa. Aliyenyamaza mpaka asilione tena ni mkaidi, na wagonjwa wakaidi mimi nawagombeza.

Jumatano shemeji yako alinipigia. Wewe ulikuwa umelala, kwa hiyo nakusimulia usiyoyasikia. Alisema walikutia dawa ya kupanua mboni, daktari akamulika taa yake na kuchungulia kila pembe, akakuta mpasuko mmoja mdogo, wa ukubwa wa tundu la sindano, na retina bado imeshikamana na ukuta wa jicho. Wameuzungushia mwanga wa leza siku ile ile ili usisambae. Daktari kamwambia kwamba ungesubiri mwisho wa wiki yako hiyo, huenda angekuwa anaongea naye mambo ya upasuaji. Shemeji aliniambia hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akasema, "Ilibaki kidogo tu, mama," na nikasikia anafuta pua.

Halafu akanisimulia hili, na ndilo lililofanya nikuandikie leo nikiwa natabasamu. Leza ikiwa imeisha, mmekaa kwenye benchi nje, mboni zako zimepanuka huoni hata kidole chako, daktari akatoka kuwapa tarehe ya kurudi. Shemeji akasimama.

"Samahani, daktari. Hilo koti lako lina doa?"

Daktari akajitazama mbele, akajigeuza nyuma. "Mimi silioni. Lina doa?"

"Sema tena kwa sauti, daktari. Shemeji yangu haoni kwa sasa, asikie."

"Halina doa!"

Na wewe, mzee, ukasimama kwa kupapasa ukuta, ukasema mbele ya benchi zima la wagonjwa, "Halikuwahi kuwa nalo, shemeji. Mikono yako haina kasoro." Ulimvunjia heshima mbele ya wateja wawili, ukamrudishia mbele ya watu kumi na wanane, maana aliwahesabu.

Basi fanya haya. Rudi kliniki tarehe uliyopewa, hata kama unaona vizuri, na kuhusu kuinua marobota ya mashuka fuata atakachosema daktari, si anachosema mgongo wako. Vidoa vilivyobaki vitakaa wiki kadhaa, pengine miezi, na utavizoea. Vikija vingine vipya kwa wingi, mwanga ukirudi, au kivuli kikianza kuingia pembeni, nenda siku hiyo hiyo, usiendeshe chombo chochote mwenyewe, na usiniandikie barua. Mwambie mke wako kila kitu leo kabla hajasoma hapa, kwa sababu atasoma. Na yale makoti kumi na mawili yarudishe yalivyo, wenyewe wanayangoja.

Ama yule dobi wa mtaa wa pili, atafute mtu mwingine wa kumsalimia. Nilimuuliza shemeji yako kama anarudi kazini, akaniambia hajaamua, anafikiria. Nikamuuliza ndala zake ziko wapi. Akasema, "Ziko uani, mama. Si ndipo pake?"